Namba ya mbegu haisemi yote: jinsi ya kusoma majibu ya manii na kujua lini uulize habari za jeni

Wanaume wengi wanaofika kwenye dirisha langu hawaniangalii usoni. Wanasukuma kikopo kilichoviringishwa kwenye gazeti, wananiita "sista" ingawa mimi si muuguzi, halafu wanatoka kwenda kusimama chini ya mwarobaini kama watu wanaosubiri basi. Mimi ni mtu wa maabara, niko hapa Tanga mwaka wa 19 sasa, na wakirudi kuchukua karatasi swali lao ni lilelile: "Ziko ngapi?"

Swali zuri, lakini linaishia njiani. Nimeshaona karatasi yenye mbegu milioni 60 kwa mililita na mke hajashika mimba mwaka wa 5, na nimeona yenye milioni 12 ikaja na mapacha. Mbegu ya kiume inafanya kazi nyingi kabla haijaliona yai, na kila kazi ina protini yake. Protini hizo zinaandikwa na jeni, maagizo tunayorithi kwa wazazi, na jeni hazifanani kwa wanaume wote. Kuna zinazotofautiana bila madhara, kuna zinazochelewesha mtoto, kuna zinazofunga mlango kabisa. Hapa nitakueleza namna ya kuisoma karatasi yako hatua kwa hatua, mpaka pale ambapo ina maana kuuliza kipimo cha jeni, na pale ambapo ni kutupa pesa.

Kwanza lete sampuli inayosomeka

Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Zikiwa chini ya hapo namba inashuka, zikizidi mbegu nyingi zinakuwa zimechoka. Usitumie mafuta, sabuni, mate wala kondomu ya kawaida. Kondomu nyingi zina vilainishi visivyofaa kwa mbegu, na nyingine zina dawa ya kuziua kabisa. Ukitolea nyumbani, kikopo kinifikie ndani ya nusu saa, isizidi saa moja. Kitie mfuko wa shati chini ya koti, kikae na joto la mwili. Usikiweke kwenye barafu, na usikianike juani kwenye tanki la bodaboda.

Na hili watu hulificha: kama tone la kwanza limemwagika nje, sema. Sehemu ya mwanzo ndiyo yenye mbegu nyingi. Ukiipoteza halafu ukanyamaza, mimi nitaandika namba ndogo na wewe utakwenda nyumbani na msiba usio wako.

Kama uliumwa homa kali miezi 2 iliyopita, malaria kwa mfano, niambie pia. Mbegu inatengenezwa kwa siku 70 na ushee, kisha inapita kwenye mrija wa kukomalia. Unachonipa leo kilianza kupikwa karibu miezi 3 nyuma. Ndiyo sababu karatasi moja haitoshi kumhukumu mtu. Rudia kipimo, na kama ulikuwa mgonjwa, subiri miezi 3 ipite.

Wanaopiga vyuma na kuchoma sindano za homoni ya kiume ili wajae kifua wana mkasa wao. Homoni ya nje inaiambia korodani ipumzike, nayo inapumzika kweli. Nimeona vijana wa miaka 26 wenye mikono kama makuli wa bandarini na kikopo kisicho na mbegu hata moja. Wao hawahitaji kipimo cha jeni. Wanahitaji kuacha sindano na kumwona daktari.

Namba zilizoko kwenye karatasi

Shirika la Afya Duniani lilitoa toleo la 6 la mwongozo wake wa kupima manii mwaka 2021. Mipaka ya chini ni hii: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla milioni 39 kwa mara moja, zinazotembea kwa namna yoyote asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30, zilizo hai asilimia 54, zenye umbo sahihi asilimia 4.

Hiyo 4 ndiyo inayowatia watu kiwewe. "Sista, asilimia 96 mbovu?" Ndiyo, na ni kawaida. Kiumbe huyu hutengenezwa kwa harakaharaka na kwa wingi, na kiwanda chake hakijali makombo.

Mipaka hiyo ilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja. Asilimia 5 ya wanaume hao walikuwa chini ya mstari na bado wakazaa. Kwa hiyo kuwa chini kidogo si kufungiwa mlango, na kuwa juu si hati ya umiliki.

Nikuambie kosa langu, maana linakuhusu. Miaka yangu ya kwanza, kwenye maabara nyingine ambayo sitaitaja, niliweka tone chini ya hadubini, nikatafuta uwanja baada ya uwanja, nikaandika "hakuna mbegu". Yule bwana alikwenda kwingine, wakaizungusha sampuli kwa mashine mpaka ikatuama, wakakuta mbegu 7 kwenye mashapo, tatu zinacheza. Saba ni chache mno kwa kitanda, lakini kwa kliniki ya kupandikiza mimba ni mali. Basi karatasi yako ikiandika hakuna mbegu, uliza neno moja: "Mliizungusha?" Tukikasirika, kasirika na wewe.

Umbo la karatasi linaonyesha njia

Majibu mabaya hayafanani. Ukiyasoma vizuri, yanakuelekeza ni fundi gani kiwandani hakuja kazini.

Hakuna mbegu, ujazo ni mdogo, na pH, kipimo cha uchachu, iko chini ya 7.2. Hapo nafikiria mrija. Daktari mwenye mkono mzuri huupapasa mrija wa mbegu juu ya korodani, unateleza vidoleni kama tambi isiyopikwa. Akiukosa pande zote mbili, jeni ya kuulizia ni CFTR, ambayo protini yake inapitisha chumvi kwenye kuta za mirija ya mwili. Ikiharibika, mrija wa mbegu unaweza kutojengeka tangu tumboni mwa mama. Kwenye korodani mbegu zinaendelea kutengenezwa, zimekosa barabara tu. Omba pia ultrasaundi ya figo, kwa kuwa baadhi ya wanaume hao wana figo moja bila kujua.

Hakuna mbegu au ni chini ya milioni 5, ujazo ni wa kawaida, korodani ni ndogo. Hapo ni kromosomu, vifurushi vinavyobeba jeni. Mmoja katika kila wanaume 600 hivi ana kromosomu X ya ziada, na wengi huja kujua siku wanapotafuta mtoto. Kipimo cha pili ni cha vipande vilivyokatika kwenye kromosomu Y, maeneo matatu yanayoitwa AZF a, b na c. Lipia kipimo hiki kabla ya upasuaji wowote wa kutafuta mbegu kwenye korodani. Kipande a au b kikiwa kimekosekana chote, mpasuaji hatapata kitu, atakuachia kovu tu. Kikikosekana c, karibu nusu ya wanaume hupatikana mbegu, ila mtoto wa kiume atakayezaliwa atarithi upungufu uleule. Hilo mlijue ninyi wawili kabla, si baada.

Mbegu zipo, hazitembei hata moja. Usikubali neno "zimekufa" kabla hazijapakwa rangi. Tunachanganya tone na eosini: iliyokufa inameza rangi na kuwa nyekundu, iliyo hai inabaki nyeupe. Zikiwa nyeupe na zimetulia, mkia una kasoro ya kimuundo. Ndani ya mkia kuna mota ndogo za protini iitwayo daineni, na jeni zake ni nyingi, DNAH5 na DNAI1 mojawapo. Mota hizohizo ndizo zinazosukuma makohozi mapafuni na puani. Kwa hiyo swali langu linalofuata huwashangaza watu: "Umekohoa tangu utotoni? Mafua hayaishi? Uliwahi kuambiwa moyo uko kulia?" Karibu nusu ya watu wenye kasoro hii viungo vyao vya ndani vimekaa upande wa pili. Daktari wa Uswisi, Kartagener, alieleza mkusanyiko huu mwaka 1933, na mwaka 1976 Msweden Afzelius akaonyesha kwamba mikia ya mbegu za wanaume hao haina zile mota. Kikohozi cha miaka 30 na ugumba, nyumba moja.

Zote zina umbo baya, asilimia 100. Hapa mtu wa hadubini akikuandikia "umbo baya" akaishia hapo, mrudie umuulize baya namna gani. Kichwa cha mbegu nzima kina umbo la yai, urefu maikromita 4 hadi 5, na mbele kimevaa kofia yenye vimeng'enya vya kupenyea ganda la yai. Nikikuta vichwa vyote vimeviringana kama vichwa vya pini, bila kofia, jeni ya kwanza ya kutazama ni DPY19L2. Nikikuta vichwa vikubwa kupita kiasi na mikia mitatu, minne, ni AURKC, ambayo kasoro yake moja imeenea sana Afrika Kaskazini, karibu mtu 1 kati ya 50 anaibeba kimya.

Kwenye karatasi wote wawili wameandikwa "umbo baya asilimia 100", lakini ushauri wao umetengana kama Tanga na Tunisi. Mwenye vichwa vya pini anaweza kupata mtoto kwa kuchomewa mbegu moja ndani ya yai, njia iliyofanikiwa kwa mara ya kwanza Brussels mwaka 1992, ikisaidiwa na dawa ya kuliamsha yai. Mwenye vichwa vikubwa mbegu zake zimebeba kromosomu maradufu, na kuzichomeka hakushauriwi. Fikiria gharama ya jaribio moja Dar au Nairobi, halafu uambiwe baadaye kwamba kipimo cha damu kingekuzuia.

Karatasi ikiwa nzuri na mtoto haji

Hapa ndipo protini zinapojificha, maana hadubini haizioni.

Ya kwanza ni protamini, za aina mbili, PRM1 na PRM2. DNA, uzi ambao jeni zimeandikwa juu yake, iliyomo kwenye mbegu moja ukiinyoosha inafika kama mita moja, nayo inaingia kwenye kichwa ambacho jicho halikioni. Wa Tanga watanielewa: ni kama robota la mkonge. Nyuzi zilizotapakaa uwanja mzima zinashindiliwa mpaka zinakuwa mzigo mmoja mgumu. Protamini ndiyo shinikizo lenyewe, na kwa binadamu aina hizo mbili huwa karibu sawa kwa wingi. Uwiano ukivurugika, robota linalegea, nyuzi zinakatika njiani. Kuna kipimo cha DNA iliyokatika ndani ya mbegu. Kiulizie kama mimba zinashika na kutoka, mara mbili au tatu, na mke ameshachunguzwa.

Ya pili ni DEFB126, nayo naipenda kwa sababu inawanyamazisha wanaojisifia namba. Ni protini inayoivisha mbegu kanzu ya sukari ili iteleze kwenye ute wa mlango wa kizazi. Mwaka 2011 watafiti walichapisha habari za wanaume waliokosa herufi 2 tu kwenye jeni hiyo, kwa baba na kwa mama. Mbegu zao zilihesabika vizuri, ziliogelea vizuri, lakini kwenye majimaji mazito mfano wa ute zilikwama. Walipofuatilia wanandoa wapya zaidi ya 500 nchini China, wake wa wanaume hao walichelewa kushika mimba. Sasa sikiliza: karibu robo ya wanaume duniani wana nakala zote mbili zenye upungufu huo. Robo! Na wanazaa. Wanachelewa, basi. Hiki si kipimo cha kwenda kukinunua. Nimekitaja ili ujue kwamba "kila kitu kiko sawa" kwenye karatasi yangu maana yake ni kila kitu ninachoweza kukiona mimi.

Ya tatu ni mlango wa kalsiamu kwenye mkia, CatSper, uliogunduliwa Marekani mwaka 2001. Mbegu ikikaribia yai hubadili mwendo, mkia unapigwa kwa nguvu kama samaki aliyenaswa nchani mwa mshipi. Bila mlango huo kufunguka, nguvu hiyo haiji.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja seremala mmoja na mkewe. Ndoa ya miaka 6, na mama mkwe alishaanza kusema maneno yake. Karatasi: mbegu za kutosha, mwendo dhaifu kidogo. Nilipokuwa namuuliza maswali alinirudisha mara tatu, "Unasemaje, dada?" Nikadhani ni aibu. Mkewe akacheka, akasema, "Huyu hasikii vizuri toka mtoto, na wifi yangu vilevile." Nikauliza wifi ana watoto? Wanne.

Nilishika kalamu nikamwandikia daktari. Kuna kipande kwenye kromosomu ya 15 chenye majirani wawili, STRC ya sikio na CATSPER2 ya mbegu. Kikikatika chote, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, mwanaume anakuwa mzito wa kusikia na hazai. Mwanamke anakuwa mzito wa kusikia na anazaa kama kawaida, kwa kuwa CatSper haina kazi kwake. Damu ilisafirishwa nje ya nchi, majibu yakachukua wiki nyingi, na ndiyo yalikuwa hayo. Walikuwa wanaweka akiba ya kumwekea mke mbegu kwenye mji wa mimba kwa mrija, njia ya bei nafuu. Kwao isingesaidia, kwani mbegu bado ingetakiwa kupenya yenyewe. Akiba ikabadilishwa mpango, wakasubiri mpaka ifike ya kuchoma mbegu ndani ya yai.

Mengine nayapitia mbio. IZUMO1 ndiyo inayoishika ngozi ya yai. Wajapani walioitambua mwaka 2005 waliipa jina la hekalu lao maarufu la kuombea ndoa, na mwaka 2014 Waingereza walipompata mwenzake upande wa yai wakamwita Juno, mungu wa ndoa wa Warumi wa kale. Wanasayansi nao wana utani. PLCZ1 ndiyo inayoliamsha yai baada ya mbegu kuingia. Iulizie ikiwa mmeshafanya kuchomewa mbegu na mayai mengi mazima yakagoma kurutubika, kwani dawa ya kuliamsha yai ipo.

Maswali ya kufanya nyumbani, bure

Kabla hujalipia jeni yoyote, kaa na shangazi. Baba hatakuambia, shangazi atakuambia. Muulize: katika ukoo kuna mjomba au ami aliyeoa mara mbili, tatu, asipate mtoto? Nani haisikii redio mpaka ifunguliwe hadi mwisho? Nani anakohoa daima? Nani alizaliwa na figo moja? Na wazazi wenu, ni ndugu?

Swali hilo la mwisho watu wa Pwani hulichukia. Mimi mwenyewe ni mtoto wa binamu wawili na sina lawama kwa mtu. Ila kasoro nyingi nilizozitaja zinahitaji nakala mbili mbovu, na ndugu wakioana uwezekano wa nakala hizo kukutana unaongezeka. Mwambie daktari waziwazi, ni habari ya kitabibu kama kundi la damu.

Uliza pia yaliyo ya kawaida, maana jeni ni sehemu tu ya hadithi: matubwitubwi ukiwa umeshabalehe, kisonono kilichotibiwa nusu, kichocho, korodani iliyochelewa kushuka, upasuaji wa ngiri, mishipa iliyovimba juu ya korodani. Haya ni mengi kuliko jeni mtaani kwetu, na baadhi yanatibika kwa bei ya dawa.

Na mpeleke mkeo apimwe wakati uleule, si baada. Nimeona wanawake waliopigwa picha za mirija, wakanywa mizizi ya kila rangi, wakaletewa mke mwenza, ndipo mume akaleta kikopo.

Ukifika kwa daktari

Usiseme "nataka kipimo cha jeni". Ni sawa na kuingia duka la spea na kusema nataka spea. Sema ulichokiona: "Hazitembei lakini ziko hai, na nina mafua ya maisha", au "Vichwa vyote ni vya mviringo, naomba tuangalie DPY19L2." Wanaouza kifurushi cha jeni mia na kitu kwa mtu ambaye umbo la mbegu zake halijaelezwa wanakuuzia majibu mengi usiyoweza kuyatumia. Utarudi na orodha ya mabadiliko yasiyojulikana maana yake, na usingizi utakuwa umepotea.

Uliza mambo matatu kabla ya kutoa damu: jibu likiwa ndiyo, tutabadilisha nini? Likiwa hapana, tutafanya nini? Na mtoto atarithi nini? Kama jibu halibadilishi chochote, tunza pesa yako.

Karatasi zote weka kwenye faili moja, kwa tarehe, na majibu ya mke ndani ya faili hilohilo. Lakini tafadhali msizipeleke duka la vifaa vya ofisi kuzilaminisha. Daktari anayefuata atataka kuandika juu yake, na kalamu haishiki kwenye plastiki.